Ndugu, Dada na Neno Lililokatwa: Mintarafu ya Asili ya 'Fratority'

Maneno yaliyoundwa kwa kuunganisha vipande vya maneno mengine huchukuliwa aghalabu kuwa mchezo wa lugha, jambo la kuchekesha ambalo mhakiki anaweza kulipita bila hasara. Dhana hiyo inastahili kuchunguzwa upya. Neno la aina hiyo ni mapatano baina ya pande mbili, na kama ilivyo katika mapatano yoyote, yupo aliyetoa zaidi na yupo aliyebakiwa na zaidi. Mfano unaoafiki hoja hii ni 'fratority', neno la mazungumzo ya wanafunzi wa Marekani lililoundwa kutokana na 'fraternity', yaani chama cha wanafunzi wa kiume, na 'sorority', yaani chama cha wanafunzi wa kike. Neno hilo hukitaja chama kinachowapokea wote wawili. Maana yake haina utata. Utata upo katika umbo lake.

Neno hilo lilimfikia mwanafunzi mmoja wa uzamili, binti wa Nyakoe katika Kaunti ya Kisii, si kwa njia ya kitabu bali kwa njia ya kikao. Katika chuo alichosomea palikuwa na vikundi viwili vya wanafunzi. Kikundi cha wavulana kiliandaa midahalo, michezo na safari. Kikundi cha wasichana kilianza kama chama cha akiba: kila mmoja alitoa fungu lake kila mwezi, na mfuko huo ukamfaa mwenzao aliyepungukiwa na karo au aliyefiwa na mzazi. Vikundi vilipoamua kuungana, kijana mmoja alipendekeza jina la 'fratority', na wengi wakalipenda kwa kuwa lilikuwa geni na lilisikika vizuri. Binti huyo alikuwa katibu. Kwa kuwa alikuwa akisomea mofolojia ya Kiswahili, aliombwa aandike katika katiba ya kikundi kipya kifungu kifupi cha kueleza asili ya jina. Kazi hiyo iliyoonekana kuwa ya nusu saa ilimchukua wiki tatu.

Historia ya neno la kwanza ni nyepesi kufuatilia. 'Fraternity' linatokana na Kilatini 'frater', ndugu wa kiume, na liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa likiwa na maana ya udugu na ya jumuiya ya watu wenye kazi au imani moja. Wanafunzi walilirithi baadaye. Phi Beta Kappa, chama kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha wanafunzi kujiita kwa herufi za Kiyunani, kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary, Virginia. Katika karne ya kumi na tisa vyama vya namna hiyo vilienea katika vyuo vingi, vikiwa na viapo, siri, nyumba za kuishi na mitandao ya kusaidiana baada ya masomo. Wanafunzi wakalifupisha neno hadi 'frat', kipande ambacho kilianza kusimama peke yake bila kuhitaji mwili wake.

Historia ya neno la pili ina mafunzo zaidi. Wanawake walipoanza kuingia katika vyuo hivyo, hawakupata mara moja neno lao wenyewe. Kappa Alpha Theta, kilichoanzishwa mwaka 1870 katika jimbo la Indiana, kilijiita 'fraternity', na jina hilo halijakiacha hata leo. Wanawake hao walijiunga katika udugu ambao shina lake ni mwanamume. Gamma Phi Beta kilianzishwa mwaka 1874 katika Chuo Kikuu cha Syracuse, New York, na baadaye mwalimu wa Kilatini aliyeitwa Frank Smalley aliona kwamba jina la kiume haliwafai wasichana wale, akapendekeza 'sorority', kutokana na 'soror', dada. Masimulizi ya vyama hivyo humtaja Smalley kuwa ndiye aliyelibuni neno. Kusema kweli, neno hilo lilikwisha kuonekana katika Kiingereza tangu karne ya kumi na sita, likitumiwa kwa jumuiya za wanawake. Alichokifanya Smalley ni kulipatia neno lililolala kazi mpya. Hata hivyo, jambo la kuzingatiwa ni kwamba dada alichelewa kupata jina. Ndugu alikuwa na neno lake katika vyuo hivyo kwa karibu karne nzima kabla dada hajapewa la kwake.

Basi maneno hayo mawili yanapounganishwa, kila moja linaleta historia yake. Katika kikao, mwenyekiti, aliyekuwa mwanafunzi wa hisabati, alitetea pendekezo kwa kuhesabu herufi.

"Katibu, hesabu mwenyewe," alisema. "Ndugu ametoa 'frat', herufi nne. Dada ametoa 'ority', herufi tano. Hapo aliyepunjwa ni nani?"

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini mofolojia haihesabu kama duka. 'Frat' ni kichwa cha neno na ni shina linalotambulika; msikilizaji akilisikia anajua kwamba ndugu yumo. 'Ority' ni mkia. Sehemu ya 'ity' si mali ya dada peke yake, kwani 'fraternity' nayo huishia hivyo hivyo. Kiambishi hicho ni cha wote. Kilicho cha dada peke yake ni herufi mbili zilizo katikati, 'o' na 'r', ambazo ni mabaki ya 'soror'. Herufi hizo nazo hazimtambulishi, kwa kuwa zimo pia katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya wingi, mamlaka na kipaumbele, ambayo hayana uhusiano wowote na dada. Asiyeambiwa hawezi kukisia kwamba dada yumo. Ndugu ameingia katika neno kwa jina lake. Dada ameingia kwa sauti yake tu.

Lewis Carroll, mwandishi Mwingereza aliyeyapa maneno ya namna hii jina lao katika Kiingereza mwaka 1871, aliyafananisha na aina ya sanduku la safari lenye pande mbili zinazokunjwa pamoja. Tashbihi hiyo imekubaliwa mno. Inadokeza kwamba pande mbili ni sawa, na kwamba kila neno limefungashwa zima upande wake. Istilahi ya wanaisimu wa Kiswahili, uhulutishaji, ina uaminifu zaidi, kwani inazungumzia kuchanganya tu bila kuahidi usawa. Mifano ya Kiswahili yenyewe inathibitisha hivyo. 'Nyamafu' imeundwa kutokana na mnyama mfu, na pande zote mbili zinaonekana. Lakini 'chajio', kutokana na chakula cha jioni, inazua swali: je, 'cha' ni silabi ya kwanza ya chakula, au ni kiunganishi kilichofuata? Ikiwa ni kiunganishi, basi chakula chenyewe hakimo katika neno, na kilichobaki ni umiliki na nusu ya wakati. 'Chamcha' ina swali hilo hilo. Walaji wanashiba, lakini neno lina njaa.

Kenya ina mfano mwingine ulio karibu zaidi na vijana. Sheng huelezwa na wengi kuwa jina lililoundwa kutokana na Swahili na English. Wapo wanaoeleza vingine, kwamba ni silabi za English zilizogeuzwa, mtindo ambao lugha hiyo ya vijana inaupenda. Ukilitazama neno, 'eng' ni ya Kiingereza bila shaka. 'Sh' inaweza kudaiwa na pande zote mbili. Nalo jina la Engsh, linalotumiwa kwa mseto uliosheheni Kiingereza na kuhusishwa na vijana wa mitaa ya wenye nacho Nairobi, limepindua mpangilio tu. Katika majina yote mawili, kile ambacho Kiswahili kimepoteza hakionekani mpaka mtu aulize. Jambo la kushangaza ni kwamba katika Sheng yenyewe sarufi kwa kiasi kikubwa ni ya Kiswahili. Mwenye nyumba hakuandikwa mlangoni.

Binti wa Nyakoe aliyafikiria hayo akiwa na sababu iliyozidi taaluma. Nyakoe ni kituo cha soko kilicho kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kwenda Oyugis na hatimaye Kisumu. Katika vilima vya huko, kama ilivyoandikwa na wanaanthropolojia akiwemo Philip Mayer katikati ya karne ya ishirini, desturi ya Wagusii iliwafunga kaka na dada kwa ng'ombe. Ng'ombe waliotolewa mahari kwa ajili ya binti ndio waliomwezesha ndugu yake kuoa. Dada aliondoka kwenda ukoo mwingine, na kwa kuondoka kwake nyumba ya ndugu ikasimama. Baba yake binti huyu alioa kwa ng'ombe walioletwa kwa ajili ya shangazi. Boma likaitwa kwa jina la baba. Shangazi hutajwa anapokuja kutembea. Alipoutazama mkia wa 'fratority', binti hakuona kosa la Wamarekani. Aliona jambo analolijua: dada aliyejenga nyumba ambayo jina lake halimo.

Kulikuwa pia na mfuko. Wasichana walileta katika muungano akiba ya miaka minne. Wavulana walileta jezi, mpira na jina zuri chuoni. Katiba iliyopendekezwa ilisema kwamba mali yote ya vikundi viwili itakuwa ya kikundi kipya chini ya uongozi utakaochaguliwa na wengi. Wavulana walikuwa wengi. Neno na mfuko vilifuata kanuni moja.

Wenzake walipomtaka apendekeze jina mbadala, Kiswahili kilionekana kuwa na jibu la haraka. 'Ndugu' hakina jinsia. Mtu na nduguye waweza kuwa wa kiume wote, wa kike wote, au mmoja wa kila upande, na udugu huwajumuisha bila kukata shina la yeyote. Nchini Tanzania, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, neno hilo lilitumiwa kama cheo cha kila raia, mwanamume kwa mwanamke. Ekegusii nacho kina hazina kama hiyo: 'ominto' ni mtu wa kwetu, na ndipo huongezwa kijana au msichana ikiwa mzungumzaji anataka kubainisha kaka au dada. Utangamano hutangulia, jinsia hufuata. Wapo waliopendelea 'komredi', jina ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya huitana bila kubagua. Nalo lina asili ya kupendeza, kwani kupitia Kifaransa na Kihispania linarejea kwenye neno la chumba: komredi ni yule mnayelala naye chumba kimoja. Kwa wanafunzi wa bweni hakuna tafsiri iliyo karibu zaidi.

Hata hivyo, ingekuwa ni kujidanganya kudhani kwamba neno lisilo na jinsia ni ngao ya kutosha. Msikilizeni mhubiri au mgombea wa kiti anapoanza hotuba yake: "Ndugu na dada zangu." Kwa maneno hayo manne, ndugu aliyekuwa wa wote amegeuzwa kuwa wa kiume, na dada ameongezwa pembeni kana kwamba hakuwamo tangu awali. Hakuna aliyelitunga badiliko hilo kwa njama, mazoea yamelifanya. Ominto naye, pamoja na uzuri wa neno, hakumzuia shangazi kuondoka na ng'ombe wake kubaki. Na makomredi, ijapokuwa jina lao halina jinsia, wamezoea kuongozwa na wanaume. Neno linaweza kuwa adilifu katika sarufi na likatumika kwa dhuluma. Hapo ndipo uhakiki unaoishia kwenye umbo unapokwama.

Aliyemtoa katika mkwamo huo ni bibi yake, magokoro kama wanavyoita kwao, ambaye hajapata kusoma katiba yoyote. Binti alimweleza habari za majina, la Kiingereza na la Kiswahili, na namna moja linavyomkata dada na jingine linavyomsahau. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Ekegusii swali ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hivi:

"Mjukuu wangu, na zamu mmezipangaje?"

Alikuwa akizungumzia 'egesangio'. Hicho ni kikundi kidogo cha majirani wa Kigusii, aghalabu wanawake, waliolima mashamba yao kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko utimie. Kipo pia 'risaga', mkusanyiko mkubwa zaidi wa majirani waliomsaidia mwenye kazi kubwa naye akawaandalia pombe. Egesangio haikutegemea pombe wala jina. Iliendeshwa kwa kumbukumbu ya nani amelimiwa na nani bado. Aliyelimiwa kisha asitokee katika shamba la mwenzake hakuhitaji kufukuzwa. Zamu yake haikurudi tena. Jina la egesangio lenyewe hutokana na tendo la kushiriki pamoja. Halimtaji mwanamume wala mwanamke, kijana wala mzee. Hutaja kazi.

Tofauti hiyo ina uzito wa kinadharia. Majina ya vyama vya Marekani yameundwa juu ya swali la ni nani waliomo: akina ndugu, akina dada, au wote wakiwa wamebanwa katika neno moja. Majina kama egesangio yameundwa juu ya swali la kinachofanywa. Swali la kwanza hulazimisha kukata au kufunika. La pili hulazimisha kuhesabu zamu. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wana mfano wao wa njia ya kati katika CHAWAKAMA, Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki. Hilo nalo ni jina la vipande vilivyokatwa, na si vyote vilivyopata nafasi: vyuo vikuu havisikiki. Lakini linamtambulisha mwanachama kwa anachokisoma. Kitu ambacho msichana na mvulana wanaweza kukidai kwa usawa hakihitaji kugawanywa baina yao.

Bila shaka mtu atauliza kama haya si kulikuza jambo dogo. Wanafunzi walitaka jina la kuandika kwenye fulana. Kiingereza kina haki ya kubana maneno yake kinavyotaka, na utaratibu wa kutanguliza neno la kiume haukubuniwa na aliyesema 'fratority' kwa mara ya kwanza. Alilifuata zoea la kusema vyama vya kaka na dada kwa mpangilio huo. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu neno lina thamani kwa mhakiki. Aliyelibuni hakukusudia lolote. Kile ambacho lugha hufanya bila kukusudia ndicho kinachoonyesha mpangilio wa jamii uliokwisha kukubalika. Kiswahili nacho husema "mabibi na mabwana" kwa kumtanguliza mwanamke, na heshima hiyo ya ulimi haijawahi kumpa bibi kiti cha mbele nje ya ukumbi. Mpangilio wa maneno ni ushahidi, si hukumu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inaelekeza kwamba wanachama wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa. Kanuni hiyo imehesabu vichwa, na imekuwa ngumu kutekelezwa hata katika Bunge lenyewe. Wanafunzi wale waliifahamu. Binti wa Nyakoe aliporudi kwenye kikao hakuitaja, wala hakushindana tena juu ya jina. Alileta vifungu viwili. Cha kwanza kilisema kwamba uenyekiti na uweka hazina vitabadilishana kila mwaka baina ya wasichana na wavulana, na kwamba hakuna upande utakaoshika vyote viwili kwa wakati mmoja. Cha pili kilisema kwamba akiba iliyowekwa kabla ya muungano itaendelea kuwafaa kwanza waliokuwa wakiichangia, mpaka wanachama wapya watakapokuwa wametoa mafungu kwa muda wa mwaka mzima. Mjadala ulikuwa mrefu na wenye maneno makali. Kifungu cha kwanza kilipita kwa urahisi. Cha pili kilipita kwa kura tatu.

Jina la 'fratority' lilibaki, kwa sababu wengi walilitaka na fulana zilikwisha kuagizwa. Kifungu cha kueleza asili yake nacho kilibaki juu ya katibu. Alikiandika kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili. Ya kwanza inasema kwamba jina hili limeundwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, moja la akina kaka ambalo shina lake limesalia, na jingine la akina dada ambalo shina lake limekatwa. Ya pili inawaagiza wanachama wausome utaratibu wa zamu katika kifungu kinachofuata. Mwenyekiti alilalamika kwamba hayo si maelezo ya jina bali ni kesi. Katibu alimjibu kwamba ni etimolojia, akampa kalamu, naye akatia sahihi.